Kutia Chumvi Katika Skeli ya 1/48

Modeli ya kwanza niliyoionea fahari kweli ilikaa kwenye rafu miezi minane kabla sijaambiwa kwamba nusu yake ni uongo.

Ilikuwa Hawker Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza, katika skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Juu nimeipaka mabaka ya rangi ya udongo na kijani cheusi, chini ile rangi ya anga inayokaribia ganda la yai la bata. Wakati huo nilikuwa nimetoka kujifunza namna ya kuonyesha rangi iliyobanduka. Unararua kipande cha sponji, unakichovya kwenye rangi ya fedha, unakifuta kwenye karatasi mpaka kibaki karibu kikavu, halafu unadonoadonoa pale ambapo mafundi hukanyaga na rubani hushika. Mchezo huo una ulevi wake. Nilidonoa mashina ya mabawa, nikadonoa vifuniko vya injini, nikaona mambo yanapendeza, nikaendelea kurudi nyuma mpaka mkiani. Nilipomaliza, ndege ilionekana imepigana vita viwili.

Kisha akaja mzee mmoja ambaye amejenga modeli tangu kabla sijazaliwa. Akaiinua kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hii fedha ya huku nyuma imetoka wapi?"

Nikamjibu kwamba rangi imebanduka, Mzee, kwa hiyo bati linaonekana.

"Bati gani?"

Nyuma ya chumba cha rubani, Hurricane haina bati. Ina kiunzi cha mabomba ya chuma, juu yake fito za mbao, na juu ya fito kitambaa cha kitani kilichopakwa dopu, ule utomvu unaokifanya kikaze kama ngozi ya ngoma. Ukikwangua rangi hapo utakuta kitambaa. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza Novemba 1935, wakati wahandisi walikuwa bado na mguu mmoja katika enzi ya mbao na nguo. Hata mabawa ya zile za mwanzo yalivikwa kitambaa, na ya bati yakafuata mwaka 1939. Na si kwamba nilikosa dalili. Mtengenezaji wa modeli alikuwa amechonga kwenye plastiki ile mikunjo laini, kitambaa kikilala juu ya fito. Nilikuwa nimeisafisha mikunjo hiyo, nikaipaka praima, nikaipulizia rangi, nikaidonoa fedha, bila kujiuliza hata mara moja ni ya nini.

Sikukasirika. Nilikaa kimya jioni nzima, kisha nikaenda kununua boksi jingine la ndege ileile. Makala hii ni habari ya ndege ya pili, na ya jambo lililokuja kunielea nikiijenga: modeli si ndege iliyopunguzwa. Ni picha ya ndege iliyo mbali, na kazi ya fundi ni kuamua kile ambacho jicho lingekiona kutoka umbali ule.

Hesabu yake ni rahisi. Modeli ya 1/48 ukiishika sentimita 30 kutoka usoni, jicho lako limesimama mita 14.4 kutoka kwenye ndege halisi. Ukiwa na ya 1/72, umesimama mita 21.6. Kutoka umbali huo huoni kichwa cha ribiti, ile pini inayoshikanisha bati, huoni msumari, huoni alama ya kidole chenye grisi. Unaona umbo, rangi, vivuli, na madoa makubwa. Jeshi la majini la Marekani lilitumia hesabu hiihii mwaka 1942, lilipoomba wanafunzi wa shule nchini kote wachonge modeli 500,000 za mbao katika 1/72, za kuwafundishia watu kutambua ndege za rafiki na za adui. Modeli ikiwekwa futi 35 kutoka kwa mwanafunzi, jicho lake linapata umbo lilelile ambalo ndege halisi ingempa ikiwa karibu nusu maili angani. Modeli hizo zilipakwa rangi nyeusi tupu. Hakuna aliyehitaji ribiti.

Skeli zenyewe zina historia ya ajabuajabu. Ile ya 1/72 ni inchi moja kwa futi sita, yaani mtu mrefu anasimama inchi moja. Kampuni ya FROG ya Uingereza ndiyo iliyouza ndege za plastiki za kuunganisha kwa skeli hiyo kuanzia mwaka 1936. Ile ya 1/48 ni robo inchi kwa futi moja, kipimo cha wachora ramani za majengo. Lakini 1/35 ya vifaru vya vita haina hesabu yoyote nyuma yake. Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, walipotengeneza modeli ya kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, walitaka kitembee kwa mota, kwa hiyo wakakipa ukubwa wa kutosha kubeba betri. Baadaye walipokipima wakakuta kimeangukia karibu 1/35. Kifaru kikauzwa sana, vingine vikafuata ukubwa huohuo, na leo dunia nzima inajenga vifaru kwa kipimo kilichoamuliwa na betri. Kila nikisikia watu wakibishana kuhusu usahihi wa nusu milimita katika 1/35, nazikumbuka betri zile.

Sasa tuje kwenye chumvi.

Chukua rula upime mfereji mmoja uliochongwa kwenye bawa la plastiki, ule unaoonyesha mahali bati mbili zinapokutana. Mingi ina upana wa kama milimita 0.2. Zidisha mara 48: milimita 9.6. Ndege halisi ingekuwa na mianya ya kuingiza kidole cha mwisho, na rubani angetua amelowa. Ukingo wa nyuma wa bawa, ukiwa na unene wa milimita 0.8, ungekuwa ubao wa karibu sentimita 4, wakati kwenye ndege ya kweli ni mwembamba kama ukingo wa sahani. Mtengenezaji anajua. Kalibu yake ya chuma ina mipaka, na plastiki ya moto haikubali kuingia kila upenyo. Lakini si hivyo tu. Mfereji ukichongwa kwa kipimo cha kweli, rangi ingeufunika usionekane kabisa, na jicho lingelalamika kwamba modeli ni tupu kama sabuni. Kwa hiyo anatia chumvi. Nasi tunaongeza yetu.

Swali ni chumvi kiasi gani, na wapi. Kwa ndege ya pili niliamua kwamba ukingo wa bawa sitausamehe, kwa sababu unene ndio unaolichoma jicho hata la mtu asiyejua ndege. Kabla ya kuunganisha nusu mbili za bawa nilizisugua kwa ndani, msasa nambari 400 umelazwa juu ya kioo, plastiki ikizungushwa juu yake taratibu, mpaka kingo zikawa karibu kupitisha mwanga. Nilichukua jioni mbili. Mfereji niliuacha kama ulivyo. Ribiti, nazo, niliziacha kabisa, ingawa kuna kigurudumu kidogo chenye meno cha kutobolea mistari ya ribiti na ninacho, nilikinunua kwa pupa. Kichwa cha ribiti cha milimita 5 kikishuka hadi 1/48 kinakuwa milimita 0.1, na kutoka mita 14 sijui ni jicho la nani linalokiona. Najua wapo mafundi wanaotoboa ribiti elfu nne kwenye bawa moja na kazi yao inanifunga mdomo. Bado nasema wanatia chumvi. Tofauti yao na mimi wa zamani ni kwamba wao wanajua wanatia chumvi.

Kazi ilianza kwenye beseni. Fremu za plastiki, zile zinazoshikilia vipande vya modeli, hutoka kiwandani na utelezi wa yale mafuta yanayosaidia kuzibandua kwenye kalibu, na rangi haishiki vizuri juu yake. Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki mkuukuu, kisha zikauke zenyewe. Watu wengi wanairuka hatua hii na wengi hawapatwi na lolote. Mimi ni mwoga.

Chumba cha rubani kilinichukua wiki tatu, na hapa nakiri kwamba hoja yangu ya umbali inaanza kuyumba. Ndani ya Hurricane kuna kiti, usukani, dashibodi, na giza. Ukishaunganisha nusu mbili za kiwiliwili na kuweka kioo juu, unaona sehemu ya juu ya kiti na labda mkanda. Mkanda nilitengeneza kwa utepe wa kufunikia rangi, nikiukata vipande vya upana wa milimita moja na nusu, bizimu zake nikazikunja kwa waya wa shaba wa ndani ya kebo. Hiyo sawa, inaonekana. Lakini pia nilipaka saa za dashibodi moja moja, nikaweka tone la vanishi inayong'aa juu ya kila moja iwe kioo. Nikapaka mabomba ya pembeni. Nikakwangua rangi pale buti za rubani zinaposugua. Nani ataona? Nilipoifunga nilimulika kwa tochi na hata mimi sikuona. Sina utetezi. Mzee nilipomwambia alicheka, akasema wote tunafanya hivyo na hakuna haja ya kutafuta sababu.

Gundi. Anayeanza hudhani gundi ya modeli inafanya kazi kama ya karatasi, inakaa katikati na kushika pande mbili. Hapana. Gundi ya maji ya polistirini ni kiyeyusho. Inayeyusha nyuso zote mbili, zinachanganyika, kisha inapaa na kuacha plastiki moja. Ndiyo maana huipaki kabla. Unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusa ufa kwa ncha ya brashi iliyolowa, nayo inakimbia yenyewe ndani ya ufa kwa urefu wa sentimita kadhaa, kama wino kwenye karatasi. Mara ya kwanza kuiona ni kama kiinimacho. Na kwa kuwa inayeyusha, inafuata pia pale usipotaka. Ikikuta kidole chako kimeegemea ufa, itatambaa chini ya kidole, na alama ya kidole chako itabaki kwenye plastiki milele. Ninayo ndege moja ambayo polisi wangenitambua kwayo.

Vioo havitaki gundi hiyo wala supagluu. Ya kwanza huvipasua mipasuko midogo kama barafu, ya pili hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe usiofutika. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Haishiki sana, lakini kioo hakibebi mzigo wowote.

Mshono wa juu na wa chini wa kiwiliwili ndio ulionitoa jasho, kwa sababu unapita katikati ya sehemu ya kitambaa. Ukiusugua kwa msasa unaua fito zilizo karibu nao. Ukiuacha, ndege inaonekana imegawanywa kama boga. Nilisugua. Kisha nikazirudisha fito: unachukua kipande cha fremu, unakipitisha juu ya mwali wa mshumaa mpaka kilegee, unakitoa na kukivuta kwa mikono miwili, na plastiki inakuwa uzi mwembamba kama unywele. Nyuzi hizo nilizibandika mahali pa fito zilizokufa, nikafunika kwa praima nzito, nikasugua tena. Na nilikuwa nimejifunza kusubiri. Mshono ukisuguliwa siku ileile ya gundi unapendeza, lakini plastiki iliyoyeyuka bado inapaa ndani, na baada ya wiki mbili inanywea na mstari unarudi chini ya rangi kama mzuka. Pati, ile ya kuzibia nyufa, nayo hivyo hivyo. Niliiacha siku kumi.

Katikati ya siku hizo nilipoteza shabaha ya bunduki, kijipande cha ukubwa wa punje ya ulezi. Kilirukia hewani kutoka kwenye kibano, nikasikia "tik" mahali fulani, kimya. Kila mwenye ukichaa huu anajua mbinu: zima taa, laza tochi sakafuni, mwanga uchirizike chini na kila kitu kitupe kivuli kirefu. Ikishindikana, funga soksi nyembamba kwenye mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi. Nilifanya yote mawili. Nilipata gurudumu la kifaru, usukani wa ndege niliyomaliza mwaka uliotangulia, na nusu ya antena. Shabaha sikuipata. Nilichonga nyingine kutoka kwenye fremu, nayo ikawa bora kuliko ya kiwandani, jambo lililoniudhi zaidi.

Kuhusu rangi nitasema machache kwa sababu kila mtu ana dini yake. Bomba langu la kupulizia lina tundu la milimita 0.3, rangi naichanganya na thina mpaka iwe na wepesi wa maziwa, na shinikizo la kompresa naliweka karibu bar moja. Kanuni ya umbali inarudi hapa pia: hewa iliyo kati ya jicho na kitu hufifisha rangi, kwa hiyo rangi iliyonakiliwa sawasawa kutoka kwenye kipande halisi huonekana nzito mno kwenye modeli. Mimi huongeza tone la kijivu hafifu. Wapo wanaosema huu ni ushirikina, na wanazo hoja. Lakini nimejaribu yote mawili bega kwa bega, na ile iliyotiwa kijivu ndiyo inayoonekana kubwa.

Ukubwa wa kuonekana ni jambo geni kidogo. Hurricane iliyojaa risasi na mafuta ilikuwa na uzito wa karibu tani 3. Urefu ukigawanywa kwa 48, uzito unagawanywa kwa 48 mara tatu, yaani 110,592, na unabaki na gramu 27 hivi. Ndege iliyo mkononi haiwezi kukwambia kwa uzito wake kwamba ni kubwa. Macho peke yao ndiyo yatakayoshawishika, na yanashawishika kwa vitu vidogo sana: tairi lililobonyea kidogo chini, kwa mfano. Tairi la plastiki hutoka likiwa duara kamili, linalogusa ardhi kwa ncha, na ndege inaonekana inaelea. Gusisha tairi kwenye msasa mara tano, bapa la milimita tatu litokee, na ghafla kuna tani tatu juu yake. Katika ndege yote hakuna kazi ya dakika moja yenye faida kama hiyo.

Baada ya rangi, vanishi inayong'aa, kwa sababu stika za maji zikilala juu ya rangi isiyong'aa hunasa hewa chini yake na kung'aa kama magamba ya samaki. Halafu stika, halafu vanishi tena, halafu rangi ya mafuta iliyolegezwa sana kwa spiriti, ikigusishwa kwenye mifereji na kukimbia yenyewe kama ile gundi.

Halafu uchafu. Kuchafua modeli kwa makusudi ni sanaa iliyokuzwa sana na watu kama Shep Paine wa Marekani, ambaye picha za mandhari zake ndogo zilitembea ndani ya maboksi ya modeli ya kampuni ya Monogram miaka ya 1970, na François Verlinden wa Ubelgiji. Kabla ya hapo watu wengi walijenga ndege zilizotoka dukani. Baada ya hapo wengi, mimi nikiwamo, tukajenga ndege zilizotoka jalalani.

Safari hii nilichukua karatasi nikaandika swali la Mzee: imetoka wapi? Kila doa lijibu. Rubani wa Hurricane hupanda kwa upande wa kushoto, kwa hiyo shina la bawa la kushoto, ambalo ni bati, lilipata fedha kidogo pale buti zinapokanyaga, na la kulia likapata matope tu ya mafundi. Moshi wa injini ulitoka kwenye mabomba ya ubavuni ukarudi nyuma, mweusi mwanzoni, kijivu-kahawia mwishoni. Kitambaa cha nyuma hakikupata fedha hata nukta. Nilikipauza kwa rangi ya mafuta, kwa sababu jua hula kitambaa kilichopakwa dopu tofauti na bati, na nikabandika kiraka kimoja cha mraba chenye rangi mpya kuliko jirani zake, pale ambapo risasi ingekuwa imepita.

Bunduki ndizo zilizonifikirisha zaidi. Ndege ina Browning nane, nne kila bawa, na midomo yake ilifunikwa kwa vibandiko vya kitambaa chekundu ili vumbi na baridi visiingie. Ikifyatua, vibandiko vinachanika. Kwa hiyo vibandiko vizima na masizi nyuma yake haviwezi kukaa pamoja, isipokuwa mafundi wamebandika vipya na hawajafuta. Na kwa kuwa zote nane hufyatuliwa kwa kitufe kimoja, huwezi kuchana vya bawa moja ukaacha vya pili kwa sababu tu picha inapendeza hivyo. Nilijaribiwa. Mwishowe nilivichana vyote, nikaweka masizi mepesi juu na mazito chini, na ndege ikawa na saa yake: imerudi sasa hivi, hakuna aliyeigusa.

Mzee alipokuja aliishika muda mrefu kuliko ya kwanza. Alikiangalia kiraka, akaangalia shina la kushoto, kisha la kulia. Hakusema imependeza. Alisema, "Hapo kwenye moshi umezidisha," na ni kweli, nilizidisha.

Wiki hiyohiyo alikuja mpwa wangu wa miaka sita. Nilimpa kiti, nikamwekea ndege mbele yake kwenye kitambaa, nikamwonyesha kiraka, nikamwonyesha vibandiko vilivyochanika, nikawasha tochi aone mkanda wa rubani. Akatazama kote nilikomwonyesha, kwa adabu kabisa, mikono mgongoni.

"Mjomba, propela inazunguka?"

Haizunguki. Tone moja la gundi liliteleza kwenye ekseli siku ya mwisho.

"Aa," akasema, akashuka kitini.